Mikono Iliyokamua Mvinyo wa Rasi: Historia Katika Mashamba ya Kando ya Njia

Anayetoka mjini Stellenbosch, Afrika Kusini, akaelekea kaskazini kwa barabara ya R44, hupita malango makubwa ya mashamba ya mvinyo, moja baada ya jingine, yenye bustani zilizopangwa na mabango yanayoonekana toka mbali. Wageni wengi huishia hapo. Wachache hukata kona kuingia barabara ya Knorhoek, wakapanda kuelekea miteremko ya mlima Simonsberg, na huko wakalikuta shamba la Muratie. Pana nyumba ndogo ya kuta nene zilizopakwa chokaa, iliyosimama tangu siku za wakazi wa kwanza wa shamba hilo. Madirisha ya chumba cha kuonjea mvinyo yamefunikwa utando wa buibui ambao wenye shamba wameuacha kwa makusudi.

Historia ya mvinyo wa Rasi ya Tumaini Jema, au Rasi kwa kifupi, husimuliwa zaidi kupitia magavana na majumba yao. Mashamba ya kando kama Muratie yana habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyo kamili zaidi. Mvinyo huu ulisimama juu ya kazi ya watu walionunuliwa, wakiwamo waliochukuliwa kutoka mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Kwa zaidi ya miaka 300 bei yake imeamuliwa kwa sehemu kubwa ng'ambo, na kila bei ilipoyumba, walioumia kwanza ni wale waliokuwa na mkasi na kapu mkononi.

1652–1679: Kituo cha meli

Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki haikufika Rasi ya Tumaini Jema kutafuta ardhi ya zabibu. Ilikuwa na tatizo la maiti. Safari ya kutoka Uholanzi hadi Batavia, Jakarta ya leo, ilichukua miezi mingi, na kiseyeye kiliwamaliza mabaharia kabla hawajafika. Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alishuka Rasi akiwa na agizo la kuanzisha kituo cha kuzipatia meli maji, mboga na nyama. Mvinyo uliingia katika hesabu hiyohiyo, kwani ulidumu melini kuliko maji, na iliaminika kwamba ulisaidia afya ya mabaharia. Miche ya mizabibu ilipandwa mwaka 1655. Tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza.

Tarehe hiyo huadhimishwa mpaka leo, lakini ina majirani wawili wanaosahauliwa. Mwaka mmoja kabla yake, 1658, meli za Amersfoort na Hasselt zilileta Rasi makundi makubwa ya kwanza ya watumwa, moja likiwa na watu wa Angola na jingine watu wa pwani ya Guinea. Na miezi mitatu baada yake, Mei 1659, Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Rasi, waliingia vitani na Waholanzi kwa sababu malisho yao ya miaka yote yalikuwa yamegeuzwa mashamba. Vita vilikwisha mwaka 1660 bila Wakhoikhoi kurudishiwa ardhi. Mwaka huohuo van Riebeeck alipanda ua wa mlozi mwitu kuwazuia wasiingize mifugo yao. Sehemu ya ua huo ingali hai katika bustani ya mimea ya Kirstenbosch, na mtu anaweza kuyashika matawi yake kwa mkono.

Ardhi ya watu wengine, kazi ya watu wengine na soko la mbali vilikutana Rasi katika miaka miwili. Yaliyofuata yote yalijengwa juu ya hayo matatu.

1679–1712: Gavana na askari

Simon van der Stel alifika kuiongoza Rasi mwaka 1679, na mwaka huo akauanzisha mji wa Stellenbosch. Mwaka 1685 alipewa ardhi nyuma ya Mlima Meza, akaiita Constantia. Alikuwa mtu aliyejua mizabibu na aliyekuwa mkali juu ya mavuno, akitaka zabibu zisichumwe mbichi na mapipa yasafishwe. Mwaka 1688 walianza kufika Waprotestanti waliokimbia mateso ya dini Ufaransa, wakapewa ardhi Franschhoek na Drakenstein. Wengine wao walikuja na ujuzi wa kilimo hicho. Van der Stel alipofariki mwaka 1712, Constantia iligawanywa vipande, na ndipo yakatokea Groot Constantia na Klein Constantia.

Karibu na lango la Klein Constantia pana kaburi lenye kuba ambalo Waislamu wa Cape Town huenda kulizuru. Amelala hapo Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyekamatwa na Waholanzi huko Sumatra na kuletwa Rasi uhamishoni katika miaka ya 1660. Alifika kabla Constantia haijaitwa Constantia. Wageni wengi wanaokwenda kuonja mvinyo hupita kaburini pale bila kujua wanampita nani.

Wakati gavana akipanga safu za mizabibu yake, askari mmoja Mjerumani wa Kampuni, Laurens Campher, alipata ardhi chini ya Simonsberg. Muratie inahesabu mwanzo wake kuwa 1685, na hati ya shamba ilitolewa mwaka 1699. Campher alimpenda Ansela van de Caab, mwanamke aliyezaliwa utumwani Rasi kwa mama aliyeletwa kutoka Guinea. Ansela aliishi katika nyumba ya watumwa ya Kampuni mjini Cape Town. Masimulizi ya shamba yanasema Laurens alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Stellenbosch hadi mjini, mwendo wa kilomita 50 hivi, kwenda kumwona, na kwamba aliendelea hivyo kwa miaka mingi. Watoto wao watatu walizaliwa Ansela angali mtumwa, kwa hiyo nao walikuwa mali ya Kampuni. Katika miaka ya 1690 Ansela alibatizwa na kuachiwa huru, Laurens akamchukua yeye na watoto, wakahamia shambani. Ile nyumba ndogo ya chokaa inatajwa kuwa ndiyo waliyoishi.

Leo mvinyo mmoja mwekundu wa Muratie una jina la Ansela van de Caab. Jina lake lilihifadhiwa kwa sababu aliolewa na mwenye shamba. Mamia ya wengine waliopalilia na kuchuma katika bonde hilohilo hawakubaki hata kwa jina moja.

1763–1813: Utamu wa Constantia na meli za Zanzibar

Karne ya 18 iliwatajirisha wachache. Muratie ilinunuliwa mwaka 1763 na Martin Melck, Mjerumani mwingine aliyefika Rasi kama askari wa Kampuni, akaishia kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa mashamba na wamiliki wakubwa wa watumwa. Huko Constantia, Hendrik Cloete alinunua Groot Constantia mwaka 1778, akalifufua shamba lililokuwa limedorora. Mvinyo wake mtamu ulipata sifa Ulaya nzima. Zabibu ziliachwa mtini mpaka zikaanza kusinyaa ili sukari ikolee, na wafanyakazi walipita safu zilezile mara nyingi wakichagua vichala vilivyoiva tu. Ni kazi ya subira, na waliofanya kazi hiyo hawakulipwa. Napoleon Bonaparte, alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena, aliletewa mvinyo wa Constantia.

Sifa ilihitaji mikono. Watumwa wa Rasi walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilipanda mwambao wa Waswahili mpaka Zanzibar kutafuta watu wa kununua, na mabaharia wake waliacha shajara za safari hizo. Kadiri karne ilivyosonga, Msumbiji ikawa chimbuko kubwa la watumwa walioingia Rasi, na watu wake wakaitwa huko Wamasbieker. Waliovuka bahari ile walikuwa watu waliolima mtama na mpunga, hawajawahi kuona mzabibu. Walijifunza kuupogoa wakati wa baridi, kuufunga, kuchuma Februari na Machi jua likiwa kali, na kuzikanyaga zabibu kwa miguu. Baada ya vizazi viwili vitatu ujuzi wa mvinyo wa Rasi ulikuwa umekaa kwao kuliko kwa mabwana zao.

1813–1861: Ushuru wa London

Waingereza waliitwaa Rasi mara ya pili mwaka 1806, na mwaka 1807 wakapiga marufuku biashara ya kuvusha watumwa baharini. Utumwa wenyewe uliendelea. Meli za kivita za Uingereza zilipokamata majahazi na merikebu za watumwa, wengi wa waliookolewa walishushwa Cape Town na kufungwa mikataba ya kufanya kazi mpaka miaka 14. Baadhi yao waliishia kwenye mashamba ya mizabibu.

Kisha ikaja bahati kutoka nje. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, mvinyo wa Kifaransa ukawa adimu, na mwaka 1813 London ikaupunguzia ushuru mvinyo wa Rasi. Wakulima walipanda mizabibu kila pembe, wakakopa, wakanunua watu kwa bei ya juu. Mvinyo ukawa bidhaa kuu ya Rasi kwenda ng'ambo. Mwingi wa mvinyo huo ulikuwa duni, umesafirishwa haraka ili kuwahi soko. Mwaka 1825 nafuu hiyo ilianza kupunguzwa, bei ikaanguka, na wakulima waliozama kwenye madeni wakazidisha kazi kwa watumwa waliobaki.

Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kubaki kwa mabwana zao miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Uhuru wa kweli ulifika tarehe 1 Desemba 1838, kwa watu zaidi ya 35,000. Fidia ililipwa kwa wamiliki. Waliofanya kazi hawakupewa fidia wala ardhi. Baadhi walihamia kwenye misheni, kama kijiji cha Pniel kilichoanzishwa mwaka 1843 upande wa pili wa Simonsberg, kwenye njia ya Stellenbosch kwenda Franschhoek. Kijiji kile kipo hadi sasa, na wazao wao wangali humo.

Waliobaki mashambani walikutana na pingu nyingine. Desturi ya kuwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira kwa mvinyo, iliyojulikana kama dop, ilishika mizizi. Kikombe cha bati kilichovywa kwenye ndoo ya mvinyo kilianza kuzunguka alfajiri kabla ya kazi, kikarudi mara kadhaa mpaka jioni. Mwenye shamba aliokoa fedha, akauondoa mvinyo usiouzika, na akawafunga watu kwake kwa kiu. Mwaka 1861, baada ya London na Paris kupatana kibiashara, mvinyo wa Ufaransa ukapata nafuu ya ushuru Uingereza na soko la Rasi likaporomoka. Mvinyo usio na mnunuzi ulizidi, na kikombe cha bati kikazidi kujazwa.

1886–1925: Mdudu wa mizizini

Mwaka 1886, huko Mowbray, kitongoji cha Cape Town, kiligunduliwa kile ambacho wakulima walikuwa wakikiogopa. Filoksera ni mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, asili yake Amerika ya Kaskazini, anayefyonza mizizi ya mzabibu mpaka ukanyauka. Alikuwa ameshayaangamiza mashamba ya Ufaransa. Dawa ya kumwua haikupatikana. Njia pekee ilikuwa kung'oa mizabibu yote ya Ulaya na kupanda upya kwa kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya kiliunganishwa na shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake inamstahimili mdudu huyo. Mamilioni ya miche ilibebeshwa kwa mkono, mmoja mmoja. Wakulima wengi wadogo walifilisika, na Cecil Rhodes akanunua mashamba yaliyoanguka akapanda miti ya matunda.

Waliosalia walipanda aina inayozaa sana, hasa Cinsaut, ambayo Rasi iliitwa Hermitage. Matokeo yalikuwa kufurika tena kwa mvinyo. Mwaka 1918 wakulima waliunda chama cha KWV mjini Paarl ili kulinda bei, na serikali ikakiongezea madaraka mwaka 1924. KWV iliwaokoa wengi na njaa, lakini ilithamini wingi. Mkulima mdogo alipeleka zabibu kwenye ushirika, zikachanganywa na za wenzake, na jina la shamba lake likafia hapo.

Katikati ya hali hiyo Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya Pinot Noir na Hermitage kwa uchavushaji mwaka 1925, akapata mbegu nne alizozipanda bustanini kwake. Alipohama kwenda kufanya kazi KWV, bustani iliota magugu na vijana wakatumwa kuisafisha. Mhadhiri kijana Charlie Niehaus, aliyekuwa akipita kwa baiskeli, aliwawahi na kuichukua miche iliyoota. Ndiyo asili ya Pinotage, zabibu ambayo Afrika Kusini inajivunia kuwa yake.

Perold alikuwa na rafiki mchoraji, Georg Paul Canitz, Mjerumani aliyeinunua Muratie katika miaka ya 1920. Kwa ushauri wa profesa, Canitz alipanda Pinot Noir pale, na shamba linajitambulisha kuwa la kwanza nchini kuikuza. Baada yake binti yake Annemarie alishika uendeshaji, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa wakati ule. Mwaka 1987 Ronnie Melck, mzao wa Martin Melck, alilinunua shamba la babu zake, na uzee wa mahali ukaheshimiwa.

1971–1994: Njia ya wageni

Desturi ya kutembelea mashamba ya mvinyo ilianza rasmi mwaka 1971, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Niel Joubert wa Spier walipoanzisha Njia ya Mvinyo ya Stellenbosch kwa kufuata mfano wa Ulaya. Mkulima akaweza kumwuzia mgeni mlangoni kwake. Mwaka 1973 ikafuata sheria ya kuthibitisha mvinyo umetoka eneo gani. Majina ya mashamba yaliyokuwa yamefifia yakaanza kurudi kwenye chupa.

Njia hiyo ilifunguliwa katika nchi ya ubaguzi. Katika miaka ya 1960 familia za Constantia zilizotokana na watumwa, nyingi zikiishi kwa kulima mboga na kuuza maua, zilikuwa zimehamishwa kwa nguvu chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi. Dop, ingawa ilipigwa marufuku kisheria katika miaka hiyohiyo, iliendelea katika baadhi ya mashamba mpaka miaka ya 1990. Madhara yake yapo hospitalini na shuleni hadi leo: Mkoa wa Western Cape ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa wameathiriwa na pombe tumboni. Vikwazo vya kimataifa vya miaka ya 1980 vilifunga masoko. Mandela alipoachiwa mwaka 1990 na uchaguzi wa 1994 kufanyika, milango ilifunguka kwa kishindo, na kufikia 2008 mvinyo uliosafirishwa nje ulizidi lita milioni 400 kwa mwaka.

Tangu 1994: Mizabibu mikongwe na majina

Soko lililofunguka lilileta hatari mpya. Makampuni yalitaka aina zinazopendwa ng'ambo, na mizabibu ya zamani ikang'olewa. Iliyookoka ilikuwa ya wakulima wa mbali, wasio na mtaji wa kupanda upya, wanaouza zabibu zao kwa ushirika. Mtaalamu wa mizabibu Rosa Kruger alizunguka nchi akiitafuta, na mwaka 2016 ukaanzishwa Mradi wa Mizabibu Mikongwe. Shamba lenye mizabibu ya miaka 35 au zaidi hupewa cheti, na chupa yake hubandikwa nembo yenye mwaka wa kupandwa. Mizabibu hiyo huzaa kidogo, mingi imesimama yenyewe bila nyaya, shina nene kama paja la mtu mzima. Vijana wenye viwanda vidogo sasa huifuata hadi milima ya Skurfberg, na bei ya zabibu zake imepanda.

Majina nayo yameanza kutafutwa. Katika shamba la Solms-Delta karibu na Franschhoek, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua misingi ya zamani, na mwaka 2005 ikafunguliwa makumbusho ya Van de Caab, iliyoorodhesha watumwa wa shamba hilo ukutani. Shamba lilikuja kuingia katika shida kubwa za fedha, jambo linaloonyesha kwamba nia njema haitoshi pasipo uchumi imara. Umiliki wa ardhi ya mizabibu kwa sehemu kubwa bado uko mikononi mwa Wazungu wachache.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika Rasi, unywe mvinyo au usinywe, iache barabara kuu. Nenda Knorhoek, simama Pniel, zuru kaburi la Sheikh Abdurahman. Kila shamba utakaloingia, muulize mwenyeji maswali mawili: nani walikamua hapa kabla ya 1838, na nani wanachuma leo kwa ujira gani? Shamba lenye majibu ndilo linalostahili fedha zako.